Namna ya kuigeuza hadithi ya kale iwachekeshe watoto wa leo

Watoto wengi wa Unguja na Pemba siku hizi wanamjua Sinderela, yule binti wa kiatu cha kioo, kabla hawajamjua Sungura. Wamemwona kwenye televisheni, kwenye simu ya dada, hata kwenye mkoba wa skuli. Hapo sioni ubaya, maana hadithi zimesafiri tangu enzi za majahazi. Lakini binti huyo huwafikia na kasri lake la minara, gari lake la farasi na baridi yake, na mtoto wa Konde au Jambiani humtazama kwa mbali kama anavyomtazama mgeni. Ukimpa binti huyo nyumba ya kisiwani na dala-dala ya kupanda, mtoto huyo huyo atacheka mpaka akae chini.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu wa skuli au wa chuo, bibi, au dada mkubwa anayewalaza wadogo zake, ambaye anataka kuichukua hadithi ya zamani, ya kwetu au ya ugenini, na kuitoa upya kwa kichekesho. Kanuni ninayoishikilia ni moja. Badili jambo moja tu, kisha lifuate kwa uaminifu mpaka likufikishe mwisho. Vichekesho utavikuta njiani. Ukibadili kila kitu kwa pamoja, watoto hawatajua kilichogeuzwa ni kipi, na watacheka kidogo kwa adabu tu.

Kwanza itoe ile ya kale, nzima

Mtoto hawezi kuchekeshwa na mgeuzo wa jambo asilolijua. Kwa hiyo usiku wa kwanza toa hadithi yenyewe, bila mzaha. Waite kama tulivyoitwa sisi:

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia."

Wakishaitikia, wamekaa sawa. Itoe mpaka mwisho, na yakija maswali yajibu. Usiku wa pili au wa tatu ndipo ulete ile mpya, na utawaona wanavyokukatiza: "Siyo hivyo! Alikuwa na kiatu cha kioo!" Ukisikia hivyo furahi, kwa sababu tayari wamekuwa walinzi wa hadithi, na mlinzi ndiye anayecheka zaidi akiona kitu kimehamishwa.

Wapo watu wazima wanaoona vibaya kuigusa hadithi ya kale. Ni vyema wakajua kwamba hadithi hizi hazijapata kukaa mahali pamoja. Charles Perrault alipozichapisha zake Ufaransa mwaka 1697, binti mwenye kofia nyekundu alimezwa na mbwa mwitu na hadithi ikaishia hapo. Ndugu Grimm wa Ujerumani, katika mkusanyiko wao wa mwaka 1812, wamemleta mwindaji anayelipasua tumbo la mnyama na kuwatoa bibi na mjukuu wakiwa hai. Kiatu cha kioo ni cha Perrault. Kwa Grimm ni cha dhahabu. Na huko China, katika karne ya 9, ilikuwa imeshaandikwa hadithi ya binti Ye Xian, anayeonewa na mama wa kambo, anayesaidiwa na samaki, na anayepoteza kiatu cha dhahabu. Samaki! Hadithi hiyo ingeweza kutolewa Mkoani leo usiku na hakuna ambaye angeuliza imetoka wapi.

Na sisi tunazo za aina hiyo hiyo. Kisa cha maskini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, akanunua paa, na paa yule akaja kumtengenezea utajiri na ndoa kwa Sultani, kilisimuliwa hapa Unguja na kikachapwa London mwaka 1870. Huko Ufaransa kazi hiyo hiyo ya kumtajirisha bwana maskini kwa maneno matamu hufanywa na paka aliyevaa viatu vya buti. Cha kwetu kina uchungu zaidi: yule maskini akishatajirika humdharau paa aliyemtendea wema, paa anakufa, naye anazinduka akijikuta yuko jaani vile vile. Kitoe kama kilivyo, watoto wanastahili kukisikia, na siku nyingine ndipo uwaulize: je, paa angekuwa na mkataba wa maandishi?

Toa mifupa, uiandike

Chukua karatasi uandike hadithi kwa mistari mitano, isizidi. Ya yule binti huwa hivi:

Anaonewa nyumbani.
Kuna shughuli anayotaka sana kwenda.
Anapata msaada, lakini una muda wake.
Anaondoka mbio, anaacha kitu.
Kile kitu kinamtafuta mwenyewe mpaka kinampata.

Humo hamna kasri, hamna boga, hamna kioo. Hayo ni nyama. Nyama unaweza kuibadili na hadithi ikabaki na jina lake. Ukivunja mfupa, inakuwa hadithi nyingine. Nawasihi wanaoanza wasiiruke hatua hii hata kama wanaona hadithi wanaijua kwa moyo. Ile karatasi ndiyo itakayokurudisha njiani pale kichekesho kitakapokuvuta pembeni, na kitakuvuta.

Chagua jambo moja la kugeuza

Unaweza kugeuza mahali, kitu, mhusika, au anayesimulia. Mimi nampendelea anayeanza ageuze mahali, kwa sababu mahali panakuja na desturi zake na desturi ndizo zinazochekesha.

Mfano mfupi. Ile ya msichana anayeingia nyumba ya dubu watatu na kula uji wao. Dubu hatuna. Lakini msitu wa Jozani una kima punju, na kima punju wana tabia ambayo hakuna mtunzi angeweza kuibuni: wanakula makaa. Wataalamu wanaeleza kwamba makaa huwasaidia kwa ile sumu iliyomo katika baadhi ya majani wanayokula. Basi msichana anaingia kwa kima watatu, na juu ya mkeka hakuna bakuli za uji, kuna vipande vitatu vya makaa. Cha baba ni kigumu, kinasaga meno. Cha mama kimerowa mvua. Cha mtoto kiko sawasawa, kimekauka, kinakatika "kacha!" na anakimaliza chote. Akirudi nyumbani mama anamwuliza, "Umekula nini huko?" Naye anajibu, "Sijala kitu, mama," na midomo yake yote ni myeusi tititi. Mtoto wa miaka minne anaielewa hiyo bila kufafanuliwa, kwa sababu na yeye aliwahi kusema hajala kitu.

Kugeuza kitu nako kuna utamu wake. Hans Christian Andersen wa Denmark alichapisha mwaka 1837 kile kisa cha mfalme aliyedanganywa na wafumaji akatembea uchi mbele ya raia. Uchi wa mtu mzima hauwi kichekesho mbele ya watoto wetu, na babu akiwepo atanyanyuka aondoke. Basi wale mafundi wamshonee Sultani joho ambalo mjinga halioni, lakini ndani yake abaki na kikoi na fulana, na fulana iwe imetoboka kwapani. Anapita Forodhani kifua mbele, raia wote wanasifu darizi za joho. Kisha kitoto kimoja kinasema, "Mama, mbona Sultani kavaa fulana kama ya baba?" Heshima imehifadhika, kicheko kimeongezeka, na baba wote waliokaa hapo wanajikunyata.

Lifuate lile moja: mfano mrefu

Sasa turudi kwa yule binti. Tumwite Mwanasiti. Geuza mahali tu: shughuli anayotaka kwenda si ya kasri la Ulaya, ni harusi katika nyumba ya Kiunguja. Halafu jiulize swali moja tu, na usiliache: katika nyumba ya Kiunguja kiatu kiko wapi?

Kiko mlangoni. Kila mtu anavua. Kwa hiyo Mwanasiti hawezi kudondosha kiatu akikimbia ngazi, kwa sababu hakukivaa tangu alipoingia. Na hapo hadithi nzima inaanza kujisogeza yenyewe. Kama kiatu kiko mlangoni, basi viatu vya watu wote viko mlangoni. Kama ni saa sita usiku na anatakiwa kukimbia kabla dala-dala haijarudi kuwa boga, basi itabidi atafute makubadhi yake katika lundo, gizani, huku konda, ambaye kusema kweli ni panya, anapiga ubavu wa gari kwa kiganja na kuita, "Twende, twende! Gari inaota mbegu hii!"

Nakuonesha kipande hicho kilivyo nikikitoa:

Mwanasiti akainama mlangoni. Viatu! Viatu vya kisigino, viatu bila kisigino, ndara za bluu, ndara za kijani, ndara moja ya bluu na moja ya kijani zilizofunga ndoa kwa dharura. Akapekua. Siyo hiki. Siyo hiki. Siyo hiki. Akapata kubadhi moja, la kulia. La kushoto halionekani. "Mwanasiti!" konda akapiga kelele, na mkia ukaanza kumtoka nyuma ya suruali. Akapekua tena. Siyo hiki. Siyo hiki. Basi akaondoka na mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna: pwata-tifu, pwata-tifu, pwata-tifu, mpaka kwenye gari.

Asubuhi mwana wa Sultani anataka kumtafuta mwenye kiatu. Lakini kipi? Mlangoni vimebaki viatu vya upande mmoja gunia zima, kwa sababu hakuna harusi ambayo watu wote huondoka na viatu walivyokuja navyo. Basi anabeba gunia. Anapita mtaa kwa mtaa, Jang'ombe, Kikwajuni, Michenzani anapanda ghorofa kwa ghorofa kwa ngazi, na kila anapobisha hodi anapokewa kwa furaha kubwa, ila hakuna anayemtaka yeye, wanataka viatu vyao. "Ala! Ndara ya Mzee hiyo!" Babu mmoja anamshika mkono. "Mwanangu, mimi changu kilipotea msikitini mwaka jana. Hebu angalia chini kabisa." Watoto wanamfuata nyuma wakiimba, gunia linazidi kuwa jepesi, na yeye mwana wa Sultani, ambaye hajawahi kubeba hata kikapu cha sokoni, anajifunza jina la kila mtu mtaani.

Kwa Mwanasiti anafika na kiatu kimoja tu. Mama wa kambo na binti zake wanajaribu kukiingiza mguu. Mwanasiti anatoka ndani na kubadhi la kulia mkononi. Anasema: "Hilo ni langu. Nashukuru kuniletea. Hayo mengine unayotaka kusema, kayazungumze na babu yangu. Na ukifika, vua viatu mlangoni."

Angalia kwamba mifupa mitano yote ipo. Anaonewa, anatamani kwenda, anasaidiwa kwa muda, anaacha kitu, kitu kinamtafuta. Sikuongeza kichekesho hata kimoja kutoka nje. Vyote vimetoka kwenye ile desturi ya kuvua viatu. Ukiona unalazimika kuingiza utani kwa nguvu, basi umeliacha lile jambo moja mahali fulani nyuma. Rudi ulifuate.

Mbwa mwitu umweke nani?

Visiwani mbwa mwitu hayupo. Watoto wanamkubali kwa kuwa wameambiwa, lakini hawamwogopi, na adui asiyeogopwa hata kidogo hachekeshi akishindwa. Kwa Unguja mweke chui. Unguja ilikuwa na chui wake, ambaye wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ameshatoweka, na wazee wa shamba mpaka leo wana maneno yao kuhusu chui wa kufugwa. Kwa Pemba, ambako chui si mnyama wa pale, chukua zimwi au nunda. Nunda mla watu ni wetu kabisa: paka wa Sultani aliyeanza kwa wizi mdogo, akaachiwa, akala ndama, akala mbuzi, mwisho akala watu. Katika Mji Mkongwe wenye paka kila kichochoro, hakuna mtoto utakayehitaji kumweleza paka anaanzaje.

Chui akiwa adui, ile ya kofia nyekundu unaweza kuigeuza kwa kitu kimoja: kanga. Bibi yuko shamba, Bumbwini tuseme. Mjukuu anapewa mkate wa kumimina ampelekee bibi, kajitanda mtandio mwekundu. Bibi hayupo, kaenda kwenye shughuli kwa jirani. Chui kaingia uani, kaokota kanga kwenye kamba ya kuanikia, kajifunga, kapanda kitandani.

"Hodi bibi!"
"Karibuuu."
"Shikamoo bibi."
"Mara... grrr... marahaba mjukuu wangu."
"Bibi, mbona sauti imekuwa nzito?"
"Mafua, mwanangu."
"Bibi, mbona jina la kanga liko miguu juu?"

Chui akajitazama. Chui hajui kusoma. "Ndio mtindo wa sasa," akasema.

"Na limeandikwaje?"

Chui akakohoa. "Limeandikwa... Bibi mwema... kitanda kikubwa... njoo ulale."

Mtoto akainamisha kichwa ubavuni, akasoma polepole, herufi baada ya herufi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Akafikiri. "Sasa bibi, hapa mgeni nani, na mwenyeji nani?"

Kutoka hapo maliza utakavyo. Mimi humwacha mtoto aseme, "Umeivaa vibaya, ngoja nikusaidie," akaikaza kanga ile kwa fundo kwenye mguu wa besera, na bibi anaporudi anachouliza kwanza si habari za chui bali, "Nani kaishusha kanga yangu haijakauka?" Nimekipenda kipande hiki kwa sababu moja ya dhati: kilichomwokoa mtoto ni kusoma. Hakuna mwindaji aliyemjia na shoka.

Unapochagua jina la kanga, chagua msemo ambao watoto wanausikia nyumbani, na uwe na maana mbili, moja ya bibi na moja ya chui. Hapo ndipo pa kuumiza kichwa. Kaa nalo hata siku nzima.

Nani achekwe, nani asichekwe

Hapa sina mzaha. Achekwe mwenye nguvu: Sultani, chui, jini la kujisifu, tajiri bahili, mtu mzima anayejidai anajua. Asichekwe kiwete, mnene, mweusi sana, mwenye ulemavu wa ngozi, maskini, wala mwenye kigugumizi. Katika kundi la watoto ishirini wapo wanaoitwa majina hayo kila siku, na hadithi yako itawapa wenzao jina jipya la kuwaita kesho uwanjani.

Mama wa kambo ni jambo la kufikiri zaidi. Watoto wetu wengi wanalelewa na mama wa kambo, na wengi wao wanalelewa vizuri. Ukiwa hujui nani amekaa mbele yako, mbadilishe awe shangazi mwenye makuu, au mwenye nyumba wa kupanga, au mlaumu kwa jambo moja tu dogo na umpe nafasi ya kujirekebisha. Mfupa unasema "anaonewa nyumbani". Haukusema na nani.

Ile ya nguruwe watatu na nyumba zao, wafanye mbuzi watatu. Nyumba ziwe ya makuti, ya fito na udongo, na ya mawe na chokaa, na pumzi ya adui ivume kama kusi. Adhana, aya na dua zisiguswe kwa utani wowote. Majini kwa watoto wadogo usiku, fupisha. Wako watakaocheka mbele yako kisha wakatae kwenda chooni peke yao.

Sauti, kiitikio na lahaja

Hadithi ya kuchekesha hushikwa kwa masikio. Weka neno ambalo litarudi mara tatu au zaidi na wao waliseme. Kile kisa cha nunda kina mfano mzuri kuliko wote ninaoujua: mwana wa Sultani anamwua mnyama mmoja baada ya mwingine, anamburura mpaka nyumbani akidhani ndiye, na mama yake kila mara anamjibu kwamba siye. Kila mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, na jibu ni lile lile. Watoto wakishalijua jibu, wanalitoa wenyewe kabla yako.

Ukitaka kukigeuza kisa hicho kiwe cha leo, hapo ndipo simu inapopata kazi. Mwana anapiga picha na kumtumia mama: "Mama, ndiye?" Mama anajibu kwa sauti: "Siye mwanangu. Huyo paka wa jirani, mrudishe." Anatuma nyingine: "Mama, ndiye?" "Siye mwanangu. Hilo koti la baba yako kwenye kiti." Na ya mwisho picha imetoka nyeusi tupu, ina macho mawili. Simu isiyofanya kazi kama hiyo usiiweke. Kumtia Sungura simu mkononi na kumtajia bando hakumfanyi wa kisasa. Kunamfanya ashindwe kukimbia.

Tumia milio tuliyopewa na lugha yetu: chubwi majini, tifu mchangani, kacha, pwata, tititi. Mlio mmoja uliowekwa mahali pake unafanya kazi ya sentensi nzima, na watoto wataurudia wiki nzima.

Kuhusu lahaja, nina ombi. Ukiwa mtu wa mjini usimpe mjinga wa hadithi Kimakunduchi, Kitumbatu au Kipemba ili watu wacheke. Kama unaimudu lahaja hiyo, impe mwerevu. Bibi wa Makunduchi anayemzidi chui akili kwa maneno ambayo chui hayaelewi ni kichekesho kikubwa zaidi, na mtoto wa Makunduchi aliyemo darasani atakaa wima.

Jaribu mbele ya watoto, kalamu mkononi

Usijaribu mbele ya watu wazima. Watacheka mahali pao, na mahali pao si pa watoto. Kaa na watoto watano au sita, wa umri unaokaribiana, baada ya chakula cha usiku, televisheni imezimwa. Toa hadithi bila kusoma ikiwezekana. Usiangalie wanacheka wapi tu. Angalia wanaanza kuchezea mkeka wapi. Hapo pamezidi maneno. Weka alama kwenye karatasi na ukate kesho yake. Mara nyingi kinachokatwa ni maelezo uliyoweka ili waelewe kichekesho, nao walikuwa wameshakielewa.

Kwa walio chini ya miaka mitano dakika tano zinatosha. Wa darasa la tatu na la nne wanaweza kwenda robo saa na wakadai nyingine. Ukiandika, maneno elfu moja ni kama dakika kumi za kusoma kwa sauti, ukiacha kutulia na kuitikiwa.

Ukishaiandika kwa ajili ya skuli, acha mazungumzo mengi na maelezo machache, ili watoto wagawane sauti: mmoja chui, mmoja mjukuu, mmoja bibi, na darasa zima liwe mlango unaogongwa. Picha wachore wao. Na usiandike mwishoni "hadithi hii inatufunza". Kama imefunza wameshafunzwa, na kama haikufunza mstari huo hautaisaidia.

Iliyobaki ni kuwaachia zamu. Siku utakayomaliza hadithi yako, wape watoto ile karatasi ya mistari mitano na uwaambie wageuze jambo moja. Wengine watataka kugeuza yote, warudishe kwa upole kwenye moja, waulize, "Halafu ikawaje?" na tena, "Halafu ikawaje?" mpaka waishiwe. Mmoja atasema Mwanasiti alikwenda harusini kwa boti kutoka Pemba na bahari ikachafuka. Mwingine atauliza kwa nini yule panya konda hakulipwa nauli. Andika hilo la panya papo hapo, na pembeni weka jina la mtoto aliyeuliza, ili usiku mwingine ukilitoa yeye ndiye aite "Paukwa!"